Ule Mlio Uuache

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kurui bibi yako mzima, na mihogo imestawi. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yangu kuukuu unayo wewe huko Sofu. Fundi aliyesema itupwe, mwambie hata mimi sijatupwa.

Umeuliza kama nitaitambua ukiiwekea mfumo mwingine na vile vipicha vipya vya kubonyeza. Ujanani baiskeli yangu niliibadilisha rangi, siti, hata usukani. Mama alikuwa akinipakulia ugali kabla hajaniona, maana kengele sikuigusa.

Basi badilisha vyote, ila ule mlio uuache. Bibi yako akiusikia hutupa jembe, anakuja mbio akijua ni wewe.

Babu yako