Kipa Namba Arobaini na Moja

Chumbani kwangu,
Jumamosi, saa nane mchana.

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na Shemeji naye mgongo umempa nafasi tangu aache kubeba magunia ya unga peke yake. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie vile vidonge avimeze baada ya kula, si kabla, hata akijifanya hasikii. Mimi mwili ni mzima. Ile homa niliyokuandikia ilikwisha yenyewe.

Kadi ulizonitumia zilifika bila kona hata moja kujikunja. Kabla sijasoma jina nilijua ni wewe uliyezifunga, kwa ile karatasi ya mikate na unga kidogo kwenye mikunjo. Shemeji akiendelea kuuliza mwanamke mzima anafanya nini na kadi za wachezaji, mwambie mdogo wako wa kiume ana albamu iliyobakiza nafasi sita tu, na aibu hii ni ya ukoo.

Dada, kuna jambo limetokea kazini. Barua hii nimeianza mara nne. Nitaeleza kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha kupanga kadi, kwanza kwa timu, halafu kwa namba.

Unajua niko masjala. Chumba hakina dirisha, kina rafu kumi na mbili na meza moja. Watu huja mlangoni, hutaja namba ya faili, huchukua, huondoka. Faili likitoka, pale lilipokuwa lazima iwekwe kadi ya kuonyesha nani kalichukua. Kadi hizo za ofisi ziliisha mwezi wa pili. Niliomba nyingine kwa maandishi mara tatu, nakala ninazo, na hazikuja. Nami ninavyoogopa faili kupotea mikononi mwangu, nikaanza kutumia kadi zangu za wachezaji, zile zilizojirudia. Kila ofisa nikampa mchezaji wake. Mhasibu nikampa beki wa kushoto, kwa sababu hapitishi kitu. Bwana wa ugavi nikampa yule mshambuliaji wa nywele nyingi, kwa sababu yeye hana hata unywele. Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka jioni. Na kwa miezi mitano, Dada, hakuna faili lililopotea.

Jumatatu alikuja mkaguzi. Alivuta rafu ya tatu, akakuta wachezaji wamejipanga katikati ya mafaili, akamwita Mkuu wa Utawala. Mkuu alichomoa kadi ya kipa, akaigeuza, akauliza huyu ni nani. Kwa woga nikamjibu kwamba huyo ni yeye.

Wakafungua droo yangu. Walikuta kadi mia mbili na kumi na mbili zilizojirudia, nimezifunga kwa mipira ya kufungia noti. Chini yake walikuta ukurasa wa barua niliyokuwa nikikuandikia wakati wa mapumziko, nikikusimulia Jumamosi yetu: jinsi dereva, mama wa mapokezi na fundi umeme walivyokuja chumbani kwangu na kadi zao, tukabadilishana mpaka jua likashuka, mama wa mapokezi akamtoa kipa mmoja kwa washambuliaji wawili, dereva akasusa.

Mkuu aliusoma wote. Kisha akasema hapo pana kamari, kadi ndizo alama, na mimi ndiye mshika daftari. Alisema mtu asiye na wenzake hawezi kurundika kadi mia mbili. Kesho yake sote wanne tulipewa barua za kujieleza, majibu yawe mezani kwake Jumatatu saa mbili asubuhi, na atakayeshindwa kujieleza aondoke. Mimi bado niko kwenye majaribio. Lakini dereva ana miaka kumi na tisa pale.

Jumatano walikuja masjala, wote watatu pamoja. Sijawahi kuona chumba kile kina watu wanne. Dereva aliuliza kwanza mimi ni nani, maana yeye alikuwa akijua masjala bado yupo yule mzee aliyestaafu. Fundi alisema hajui hata ninapokaa, sasa eti Jumamosi zote anashinda kwangu, na mkewe amezipata hizo habari na anataka kuelezwa hizo Jumamosi ambazo si za kwangu huwa ni za nani. Mama wa mapokezi hakufoka. Alitaka nimwambie ule ukurasa ulimsema vipi. Nikamwambia. Akasema kumbe ni mjanja kiasi hicho, washambuliaji wawili kwa kipa mmoja. Halafu akaniuliza kwa nini nilimchagua yeye. Nikamjibu kwa sababu kila asubuhi hunisalimia. Akasema huwasalimia wote. Nikasema najua.

Sasa umeelewa, Dada. Labda ulishaelewa zamani, maana kadi unazijua kuliko mimi, na kila nilipokuandikia idadi ya zilizojirudia ilikuwa imepanda. Anayebadilishana hujikuta nazo chache. Jumamosi huzitandaza kitandani na kuzipitia moja moja kama tulivyokuwa tukifanya sakafuni, ninayo, ninayo, ninayo. Wa kusema sina hayupo.

Maelezo yangu nimeyaandika jana. Ni sentensi nne. Kwamba watu hawa watatu hawajawahi kufika kwangu wala hawana kadi. Kwamba kadi zote ni zangu na hazina kamari. Kwamba ukurasa ule niliutunga ili dada yangu asije akadhani niko peke yangu huku. Kwamba sina wenzangu. Hiyo ya nne niliifuta mara mbili, nikawaza niiache, labda Mkuu ataridhika na tatu. Kisha nikairudisha, kwa sababu ndiyo inayowatoa wao hatiani. Nakala moja itaingia kwenye faili langu, na mwenye kuliweka faili hilo rafuni ni mimi, nikiwa bado nipo.

Limebaki moja, na hili simwandikii Mkuu. Katika kila barua umekuwa ukiniuliza kama dereva amekubali kukuachia kipa namba arobaini na moja, yule mmoja tu anayekosekana kwenye albamu yako. Nilikuandikia kwamba anaringa. Nikakuandikia kwamba anataka viungo watatu. Nikakuandikia kwamba amesema atafikiria. Dereva hajawahi kumwona kipa huyo. Ninaye mimi, tangu mwezi wa tatu, tena watatu. Mmoja yumo kwenye albamu yangu. Mmoja ndiye aliyekuwa Mkuu, na Mkuu amemchukua awe kielelezo. Wa tatu nilikuwa naye mfukoni mwa shati kila nilipokuandikia kwamba bado tunambembeleza dereva.

Niliogopa, Dada. Albamu yako ikijaa, utakuwa na lipi tena la kuniuliza?

Nimemweka humu kwenye bahasha, katikati ya vipande viwili vya boksi asipinde. Mshike kwa kingo, mikono yako ina unga.

Nisalimie Shemeji, na Mama umpe shikamoo yangu, ila habari za kazini asizisikie mpaka Jumatatu ipite. Kipa akishakaa mahali pake, tafadhali niandikie kwamba amefika. Mistari miwili inatosha.

Ni mimi mdogo wako,
wa masjala.