Mguu Unaosema Ndiyo

Nduta, Kibondo
9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima na maharage ya Nyakitonto yanakubali. Mimi mzima, ila kazi ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi hapa kambini kwa wakimbizi inanimaliza.

Mama ananiambia umevua banzi la plastiki kwa sababu haliingii kwenye gambuti. Baba! Umesahau? Panga lilikata mshipa wa fahamu pembeni ya goti. Aprili madaktari wakachukua kipande cha mshipa kwenye kigimbi cha mguu mzima wakaunganisha palipokatika. Sasa mshipa unaota upya, polepole mno, kama unene wa kucha kwa siku. Ukichelewa kufika, misuli inayoinua unyayo itakuwa imeshakufa, na utaburuta mguu maisha yako yote. Banzi ndilo linaloshikilia unyayo wakati tunangoja. Livae. Na kila mwezi uende Kasulu Dakta akugongegonge kwa kidole juu ya mshipa. Ukisikia mchonyoto anapogonga, anajua mshipa umefika hapo.

Bintiyo,
Jeanne

Nyakitonto, Kasulu
16 Juni 2024

Mwanangu Jeanne,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako anakohoa kidogo tu. Barua yako kaileta Salumu kwenye lori lake la mihogo, na hii atakuletea yeye. Tuendelee hivihivi, maana kwenye simu unanifokea na majirani wanasikia.

Banzi nimelivaa. Linawasha na linanuka. Lakini shika habari njema: Dakta Abdulrahmani alinigonga kutoka goti mpaka vidoleni. Kila alipouliza kama nasikia, nikajibu ndiyo. Alishangaa yule kijana kwa mbio hizo, akafurahi, akaandika ukurasa mzima. Basi punguza kelele.

Baba yako,
Nkunzimana

Nduta, Kibondo
2 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimerudi Kibondo salama, nawashukuru kwa kunipokea, ila hasira nimekuja nayo.

Niliufungua mguu wako nikakuta malengelenge juu ya unyayo. Mama anasema alikukanda na majani kwenye maji ya moto siku tatu, na wewe umekaa unapiga soga. Maji yaleyale yalimchoma yeye mikono! Mtu aliyemwambia Dakta kwamba anasikia mpaka vidoleni anaunguaje bila kujua? Mwezi wa sita ndiyo, wa saba ndiyo, wa nane ndiyo. Nijibu kweli, Baba. Dakta anapanga matibabu kwa majibu yako.

Bintiyo,
Jeanne

Nyakitonto, Kasulu
10 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kidonda kinakauka, mama yako anakusalimu.

Jeanne, yule kijana anatoka mbali. Anapiga magoti mbele yangu, anaushika mguu wangu mchafu kwa mikono yake, anauliza kwa matumaini. Ungemjibu hapana mara kumi na mbili? Watu wa kanisa wakija kunijulia hali nasema naendelea vizuri, nao wanaondoka na amani. Nilijua nitakuja kusikia tu, kwa hiyo niliona si uongo, ni kutangulia kidogo.

Kweli yenyewe ni hii: mchonyoto unaishia upana wa vidole vinne vya mkono chini ya goti. Kuanzia hapo ni gogo.

Baba yako

Nduta, Kibondo
15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mungu wangu! Miezi mitatu Dakta anasoma adabu yako akidhani anasoma mshipa!

Sasa sikiliza. Kila Jumapili Mama agonge, nawe uweke alama ya kalamu pale mchonyoto unapoishia. Na Dakta umwambie kama ulivyoniambia mimi. Kumficha ndiko kumkosea heshima. Nakupenda, na umenichosha.

Bintiyo,
Jeanne

Nyakitonto, Kasulu
23 Februari 2025

Mwana wanje Jeanne,

Nakusalimu sana. Mama yako hajambo, mvua si haba. Najua umekasirishwa na kimya changu. Sikuwa na la kuandika. Dakta nilimwambia kweli mwezi wa kumi, akasema tungoje kwanza, lakini alama za kalamu ziliangukia palepale kila Jumapili, mpaka zikawa doa moja.

Ijumaa Dakta aligonga, akauliza. Nikasema sisikii. Akashuka kidogo. Sisikii. Mara ya saba sauti yake ilikuwa imepungua, na mimi nilitamani kumpa hata "kidogo" moja tu. Sikumpa. Akakaa sakafuni palepale. Akasema mshipa umesimama na misuli haitaungoja tena. Jumanne ya wiki ijayo watahamisha kano lililo zima walilete mbele, liniinulie unyayo. Nitatembea bila kuburuta, lakini mguu wangu wa zamani ndiyo basi.

Nikamuuliza: kama ningesema kweli tangu Juni, ungewahi kufanya kitu?

"Hapana, mzee, usijilaumu," akajibu, haraka mno, huku anaangalia makaratasi yake. Nikajua ananifanyia yale niliyomfanyia mimi. Nikamshukuru.

Jioni watu wa kanisa walikuja kuuliza naendeleaje. Nikawaambia vibaya. Na wewe nakuambia: naogopa. Njoo.

Baba yako