Zizi la Kalamu

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitafika, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu. Tangu tukuzike situlii. Nakaa, nainuka, nafagia palipokwisha kufagiwa. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mahangaiko haya umeniachia wewe. Wanyaturu wenzako wanafuga ng'ombe, wewe ukafuga kalamu za wino. Kila treni iliposimama hapa Manyoni, ulikuwa chini ya madirisha yake ukiwauliza abiria kama kuna mwenye kalamu ya toleo maalumu, zile ambazo kiwanda hutengeneza chache tu, kwa rangi ambayo hairudiwi tena. Ukishaipata, unaitandikia mkeka uani na mimi nashika kamera yako. Picha zilitoka nyeusi na nyeupe, basi ukanikaririsha rangi kama mtu anayetaja ng'ombe: huyu mwekundu mwenye paji jeupe, huyu wa mabaka, yule rangi ya maji ya kunde. "Filamu ya rangi ikija," ulikuwa ukisema, "tutapiga zizi zima."

Imekuja, Baba. Siku hizi kila kitu ruksa. Maduka ya Singida yamejaa mpaka barazani, na filamu za rangi zinauzwa pamoja na sabuni na peni za plastiki. Niliinunua ungali mgonjwa kitandani. Lakini zizi lilikuwa tupu. Kama mfugaji anayeogopa ugonjwa usimmalizie kundi, ulikwisha kuzitawanya kalamu kwa walezi, huyu moja, yule moja. Mimi hukunipa hata moja. Hilo liliniuma, Baba, nalisema wazi. Mimi niliyezipiga picha zote!

Baada ya matanga nikaenda kuzikusanya, huku nikiogopa neno moja tu. Mwenye ng'ombe akifa, mlezi mwaminifu husema "aliniwekea". Mwingine husema "alinipa", na hapo huna ng'ombe tena. Kaka Yohana kule Mandewa hakunisumbua, aliitoa ile nyekundu na kusema, "Chukua bwana, mimi natumia peni." Mzee Samweli wa Ulemo, rafiki yako wa ujana, alinipa pole, akanikaribisha uji, akasifu mvua, kisha akasema, "Alinipa." Niliondoka kwa hasira. Uji sikuumaliza.

Sepuka nilifika nimekwisha kununa. Mama Asha, yule aliyekuwa akiuza chai stesheni, alinitolea ile ya mabaka ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa. Juu yake akaweka kalamu nyingine ya wino, mpya, ya kijani, ya mnadani.

"Na huyu ndama wake," akasema.

Nilidhani ananitania.

"Hii ya baba yako imeniandikia barua za kijiji kizima. Hayo maziwa nimeyanywa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe."

Nikamwambia mwenye ng'ombe tumeshamzika. Akanitazama kwa huruma, kama anayemwona mtu mzima hajui njia ya kwao.

"Alipomleta hapa alisema ng'ombe huyu ni wa binti yake Salome. Wote ni wa Salome. Kwani hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Baba, wewe mtu wewe! Nililia pale uani mbele za watu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyolia siku ya kukuzika.

Nilikuwa nimepanga kuzifungia kabatini. Sasa sitaki. Kalamu ya wino isipoandika inakauka, na wewe ulilijua hilo kabla yangu. Nitazirudisha kwa walezi, na kila moja nitaipiga picha ya rangi ikiwa mkononi mwa anayeiandikia. Kesho naanzia Ulemo. Sina ugomvi na Mzee Samweli. Nataka tu uso wake uonekane vizuri pichani, ameshika ng'ombe wangu.

Barua hii naiandika kwa ndama. Anavuja, doa hilo pembeni ni lake, na vidole vyangu vyote vimechafuka. Nitamlea hivyo hivyo, nakuahidi, na akizoea kuandika nitamtafutia mlezi.

Lala sasa, Baba. Ng'ombe wote wapo.

Binti yako,
Salome