Mbogo Hakulia

Jumatatu, 4 Novemba

Presha 151 kwa 88. Dawa nimemeza. Uji umeshika chini kwa sababu nilisimama dirishani kutazama upepo. Unatoka magharibi, unapeleka moshi wa jirani upande wa reli. Miaka yote hii ughaibuni, hapa Kilburn, na bado sitoki nje kabla ya kujua upepo unakwenda wapi. Zamani nilikuwa na kifuko cha majivu kiunoni kwa kazi hiyo. Sasa nina bomba la jirani.

Daktari ndiye aliyenipa daftari hili, niandike presha kila siku. Hakunikataza kuandika mengine.

Lifti mbovu tena. Ujanani nilibeba shanta la kilo thelathini kutwa nzima porini. Leo mfuko wa viazi umenikalisha mara tatu kwenye ngazi.

Jumatano, 6 Novemba

Presha 149.

Binti wa marehemu Bwana Alan amepiga simu. Wanauza nyumba ya baba yao. Bustani ya nyumba ile niliitunza miaka ishirini na mbili, tangu Bwana Alan alipomaliza kazi yake Tanzania akanifanyia karatasi nikamfuata huku. Anasema baba yake aliacha maneno: kuna kitu nipewe mimi. Atakileta Ijumaa. Nikauliza kitu gani. Akacheka, akasema ni surprise.

Sipendi.

Ijumaa, 8 Novemba

Ni pembe.

Pembe za mbogo pamoja na fuvu, zimepigiliwa kwenye ubao. Vijana wawili wa gari wamezipandisha ngazi wakilaani. Binti amesimama sebuleni kwangu anatabasamu. Baba yake, anasema, alikuwa akiwasimulia wageni kila mara kwamba Hamisi ndiye aliyezitoa porini, peke yake, mgongoni, siku tatu hadi kwenye gari. Ni kweli. Nikamshukuru. Nikampa chai.

Alipoondoka nimezifunika shuka. Zinaonekana kama pembe zilizofunikwa shuka. Nimezikokota hadi kabatini. Mlango haufungi. Nimeulazimisha, bawaba ya juu imeng'oka. Nimeegemeza meza.

Jumapili anakuja Zuhura. Zuhura ni binti wa Salum. Mbogo huyu ndiye aliyemuua Salum.

Haya. Nimeandika.

Jumapili, 10 Novemba

Zuhura alikuja moja kwa moja kutoka hospitali anakofanya kazi, macho mekundu. Anakaa Tooting, ni treni mbili mpaka kwangu, na amekosa Jumapili labda tano tu katika miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege. Mama yake alimwambia: huko yuko Hamisi, mwenzake marehemu baba yako, huyo ni baba yako mdogo. Basi akaja nalo jina hilo na hajaliacha.

Kaleta maharage ya nazi, mchicha, samaki wa kukaanga. Kanipangia dawa kwenye kisanduku, siku baada ya siku. Kanigombeza kuhusu chumvi.

Nyama hali. Wenzake kazini wanadhani ni mambo ya afya. Mimi najua. Watoto wa kwao Liwale walimwimbia njia nzima ya shule: Salum hakula nyama, nyama ikamla Salum. Mtoto wa mroho, ndivyo alivyojulikana. Hakuwa hata na kumbukumbu ya sura ya baba yake, lakini uroho wake alipewa urithi.

Na habari ya uroho ule niliipeleka Liwale mimi.

Akaona meza kwenye kabati. "Baba mdogo, nini tena hiki?" Nikasema bawaba. "Basi usiiguse, utajiumiza. Nakuja na bisibisi next Sunday, mimi off."

Siku saba.

Jumanne, 12 Novemba

Presha 163.

Nimepiga simu manispaa wachukue. Wanauliza ni kitu gani. Nikasema meza. Watakuja baada ya wiki tatu. Nimejaribu kuzitoa mwenyewe. Hatua nne, nikakaa sakafuni. Nikabaki pale mpaka redio ikamaliza habari.

Nikirudi kutoka dukani nimepita bucha ya barabara kubwa. Halali, imeandikwa dirishani kwa kijani. Hapa halali ni karatasi. Hakuna anayeikimbilia.

Uongo ni mzigo pia, nao hauna mikanda. Kama ningekuwa na mtu wa kumwambia hivyo angecheka.

Alhamisi, 14 Novemba

Presha 166.

Niandike ilivyokuwa. Nione kama mkono utakataa.

Tulikuwa sita. Bwana Alan mwenye bunduki. Mimi mfuata nyayo. Salum mchinjaji. Wapagazi watatu. Gari lilibaki nyuma mwendo wa siku tatu, kusini kwa Liwale ambako hata njia ya baiskeli ilikuwa imekwisha. Kila kitu mgongoni: maji, unga, mahema, risasi. Bwana Alan ndivyo alivyopenda kuwinda, kwa miguu, na shanta lake alibeba mwenyewe. Haki yake nampa.

Siku ya tano hatukuwa na nyama. Yaani ilikuwepo, lakini si yetu. Siku ya pili Bwana Alan alipiga kongoni akafa palepale, kabla ya kisu. Kibudu. Sisi watano wote Waislamu. Yeye alichoma ini, sisi tulitazama moshi, tukala ugali na chumvi. Ndiyo maana kila msafara ulikuwa na mchinjaji wake, na kazi ya mchinjaji ilikuwa kukimbia. Mnyama akianguka, amuwahi roho haijatoka.

Lakini mbogo hakimbiliwi hivyo. Mbogo aliyejeruhiwa hulala majanini akakungoja. Unasubiri alie. Mbogo anayekufa hutoa mlio mmoja mrefu, ukishausikia ujue hainuki tena, na pumzi bado ipo kidogo. Hapo ndipo mchinjaji hukimbia. Kabla ya mlio ni kifo chako. Ukichelewa ni kibudu.

Mbogo wetu alipigwa saa nne asubuhi. Akaingia majani marefu, tukasikia kishindo. Bwana Alan akainua mkono, tungoje. Salum alikuwa nyuma yangu. Sikio lake moja lilikuwa bovu tangu utotoni na la pili halikuwa zima sana, kwa hiyo mambo ya mlio siku zote aliniuliza mimi. Akaninong'oneza: "Keshalia?"

Mbogo hakulia. Nilisikia mbung'o na tumbo langu.

Nikasema: "Keshalia. Wahi."

Akakimbia. Kisu mkononi, bismillahi mdomoni.

Njaa ya siku tano. Hakuna zaidi. Nimetafuta sababu nyingine maisha yangu yote, kubwa zaidi, na sijaipata.

Bwana Alan alimmaliza mbogo kwa risasi ya pili, Salum akiwa tayari chini. Tukakata fito, tukafanya machela. Wapagazi watatu na Bwana Alan mwenyewe wakashika pembe nne za machela. Bwana Alan alisema kichwa cha mbogo kiachwe, tuondoke na mtu wetu tu. Mimi ndiye niliyesema nitabeba fuvu. Waliniona jabali. Sikuweza kushika machela kwa sababu ningeuona uso wake.

Salum alikufa siku ya pili ya kumbeba, adhuhuri. Aliomba maji. Hakunitaja.

Liwale nilifika na maneno yangu tayari: aliambiwa angoje, akakimbilia nyama mwenyewe. Bwana Alan naye alijua hivyo hivyo, Kiswahili cha kunong'ona hakukifahamu.

Nyama ya yule mbogo hatukuila. Ilikuwa kibudu.

Mkono haukukataa.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilikwenda msikitini. Imamu akaanza dua ya marehemu wetu wote. Nikatoka kabla ya amina, viatu mkononi. Mzee mmoja Msomali akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Presha sikupima.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeoga mapema. Nimefagia. Nimepika maharage nikayaunguza.

Zuhura ndiye mtu pekee anayepanda ngazi hizi kwa ajili yangu. Sina mke, sina mtoto. Nikifa kimya atanikuta yeye. Nikisema, naweza nisimwone tena. Nisiposema, kesho atafungua kabati na nitatunga tena, na najijua, nitatunga vizuri.

Naogopa. Naogopa kuliko siku ile majanini, maana siku ile aliyekimbia si mimi.

Jumapili, 17 Novemba

Amekuja na bisibisi kwenye mkoba. Meza nilikuwa nimeshaitoa. Kabla hajavua koti nimefungua kabati nikavuta shuka.

Akatazama. Akauliza, "Huyu ndiye?" Nikasema huyu ndiye. Akaweka kiganja juu ya pembe ya kulia, yenye ufa. Nikasema akae. Hakukaa. Nikamwambia yote, kwa mpangilio nilioandika juzi, bila kuongeza. Nilipofika kwenye neno lile nililisema kwa sauti ileile ya kunong'ona. Sijui kwa nini.

Basi lilipita chini, vioo vikatetemeka. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuuliza."

Nikasema aliniuliza.

"Na mimi nimekuwa nikikupikia."

Nikasema ndiyo.

"Mama amekufa na aibu ya baba. You let her." Machozi hayakumtoka. Laiti yangemtoka.

Kisha akatoa bisibisi akatengeneza mlango. Skrubu nne. Alizikaza taratibu, akaujaribu mlango mara mbili, ukafunga. Akavaa koti akashuka. Chakula alichokuja nacho kilibaki mezani.

Kisanduku cha dawa hakukigusa.

Jumatano, 20 Novemba

Presha 171. Dawa nimejipangia mwenyewe. Nadhani leo nimemeza za kesho.

Simu kimya.

Alhamisi, 21 Novemba

Ujumbe. Hauna salamu. Anataka nirekodi sauti, nitaje jina langu kamili na la baba yangu, niseme yote. Ataipeleka kwenye group la ukoo wao.

Nimerekodi mara saba. Mara ya kwanza nilijitetea. Ya tatu nililia, nikaifuta, sikutaka wanihurumie. Ya saba imetoka kavu, dakika nne. Nimetaja sikio lake. Nimesema Salum hakuwa mroho, alikuwa mtu aliyeuliza akadanganywa. Nikatuma.

Nimeketi na simu mapajani kama nangoja hukumu, na ndivyo ilivyo.

Jumamosi, 23 Novemba

Kutoka Liwale, siku nzima jana hakuna neno. Leo asubuhi imekuja sauti moja, Zuhura kanirushia. Ni dada yake Salum, bibi kizee sasa. Jogoo anawika nyuma yake. Anakohoa. Anasema, "Tumesikia, Hamisi." Basi.

Nimeisikiliza mara nyingi. Hakuna kitu kingine ndani yake.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuja.

Nilipika wali wa watu wawili. Saa saba, saa nane, saa tisa nilikuwa dirishani. Siku hizi sitazami upepo, natazama wanaotoka stesheni. Wanawake wengi wana koti la bluu kama lake.

Wali nimewapa njiwa, jirani akanifokea.

Jumatano, 27 Novemba

Manispaa wamekuja kuchukua "meza", mapema kuliko walivyosema. Nimewarudisha. Nimewaambia hakuna kitu.

Jumapili, 1 Desemba

Amekuja saa nane. Shikamoo alitoa. Akavua viatu, akanawa mikono, akafungua kisanduku, akatoa dawa zote nilizokuwa nimezichanganya akazipanga upya. Hakuleta chakula. Akanifunga kitambaa cha presha mkononi, mashine ilipolia akaandika mwenyewe kwenye daftari hili. Hakufungua kurasa za nyuma.

Anakwenda Liwale mwezi huu. Watamsomea baba yake khitma upya, na safari hii watu wameitwa kutoka vijiji vyote, hata waliokuwa wakiimba. Shangazi yake atachinjisha ng'ombe. Zuhura akasema, akitazama kabati na si mimi, kwamba nyama hiyo atakula.

Nikamwambia pembe azichukue akitaka, ni za baba yake. Akafikiri. "Hapana. Zikae kwako."

Mlangoni akasema, "Haya, Mzee Hamisi. Ya jioni usisahau." Ndivyo anavyowaita wagonjwa wake wazee, nimewahi kumsikia kwenye simu. Nikasema sawa, mama. Nikasikiliza viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini, ghorofa zote nne.

Presha 146 kwa 84, kwa mwandiko wake. Ya jioni nimemeza.