Mama Mdogo Kwenye Picha ya Boma

Rumonge

Shikamoo Mama. Atakayekusomea akusomee polepole.

Kwanza geuza kadi utazame picha. Jumba jeupe lenye bendera ni boma la Wadachi la hapa. Kadi hizi zinauzwa dukani, na Wazungu wanaopita na stima huzinunua wakawaonyeshe ndugu zao jinsi mji wao mpya unavyopendeza. Unapendeza kweli, michikichi mpaka ukingoni mwa ziwa.

Ule ukungu kando ya mlango, wenye miguu miwili na kikapu cha ndagala, dagaa wa huku, ni mdogo wako Zaituni. Majirani wanasema mpiga picha aliwaamuru wote wasitikisike, lakini mtu akamwamkia kutoka nyuma, na wewe unamjua, salamu haimpiti. Aligeuka. Ndiyo maana hana uso.

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimemkuta katika kambi ya wagonjwa wa malale, nyuma ya boma hilohilo, upande usiopigwa picha. Amekaa kizingitini, ameshika bakuli la uji uliokwisha poa. Nikamwamkia kutoka nyuma, "Amahoro, mama mdogo!" Nikaita tena. Mwanamke anayemlisha akaniambia, "Iko anasikia, mutoto wangu. Ni kugeuka tu ndiyo hawezi tena."

Wangempiga picha leo, angetoka uso wote.

Nakukumbuka sana, Mama. Uje upesi, umwite wewe. Labda sauti yako ataigeukia.

Mwanao Mwajuma