Mashine ya Michezo Iliyonifunga Mdomo Kalundu

Amisi mdogo wangu,

Nakusalimia kutoka bandarini Kalundu. Jua iko kali, na harufu ya samaki wadogo, ndagala, imeniingia mpaka mu nywele.

Ile mashine mpya ya michezo ya mu televisheni uliyoniagiza nimeikuta kwa Mama Zuhura, mufanyabiashara wa hapa. Bei yake sawa na ng'ombe mzima! Unanijua miye kwa kupunguza bei: nilipiga kelele mpaka wapagazi wakasimama kutazama. Mama Zuhura akacheka tu, akaleta moja iliyokufa, akaifungua kwa bisibisi.

"Dada, niambie weye mwenyewe: nitoe nini humu ndani ndipo nikupunguzie?"

Nikainama. Amisi, mule iko vitu vidogo kuliko jicho la ndagala, maelfu, vimepangwa mistari, hakuna hata kimoja kilichokaa mupande!

"Na wenye kuitengeneza," akasema, "mara nyingi mashine yenyewe haiwapi faida. Wanakula kwa kuuza michezo."

Ndipo akagusa kidude kimoja cha njano. "Hiki kinatokana na koltani."

Nikamuwaza baba yetu, miaka yote ile mu mashimo ya koltani, akiuza mawe meusi bila kujua yanaenda kuwa nini.

Nimelipa yote, sikupunguziwa kitu. Mukumbatie mama. Na siku ya kuiwasha, vijana wako wangoje kwanza inje: baba ndiye atabonyeza.

Yaya wako, dada yako mkubwa anayekupenda,
Riziki