Chai kwa Waliotufunga

Mjomba Anselmi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikatulia kidogo, kana kwamba utaitikia. Mama yuko kazini. Fleti iko kimya, friji tu ndiyo inayonguruma, na koti lako la kazi bado linanuka grisi ya lifti. Mama hataki lifuliwe.

Habari unayoitaka kwanza naijua. Timu ya kwanza imeshinda. Jumamosi nilikwenda maktaba ya Silver Spring, nikakaa kwenye kompyuta ileile tuliyokuwa tukigombea kiti chake, nikafungua ukurasa wa klabu yako. Mabao mawili kwa moja, ugenini, kwenye mvua. Timu ya nne, yaani timu yako, imefungwa kama kawaida. Niligeuka nikuambie. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja anayesubiri zamu, akaniuliza kama nimemaliza.

Hilo ndilo lililobadilika hasa. Matokeo yapo, wa kumwambia hayupo. Shuleni hakuna anayejua kwamba mjini Cork, huko Ireland, kuna klabu ya mpira wa magongo ambayo historia yake naijua kuliko historia ya Maryland, na hiyo ya Maryland nina mtihani wake. Naijua kama ulivyonisimulia kwenye maegesho ya nyuma, wewe ukinipigia mpira na mimi nikiuzuia kwa miguu. Wale wauzaji wa maduka ya nguo waliokuwa wakifunga kazi mapema siku moja ya wiki na kukosa la kufanya. Malisho waliyokodi kwa mkulima, ambapo kabla ya mechi timu zote mbili ziliokota kinyesi cha ng'ombe. Vita vilivyowachukua wanaume, na wanawake waliobaki wakioka keki na kuziuza ili uwanja usirudi kwa ng'ombe. Kombe la kwanza la klabu lililetwa na wanawake hao.

"Sisi wanaume tulikuja kulipata la kwetu baadaye sana," ulikuwa ukisema, "tena baada ya kupoteza fainali mbili."

Nilikucheka, maana fainali hizo zilichezwa kabla hujazaliwa. Ulinijibu, "Nimekunywa chai yao. Fainali zao ni zangu."

Chai uliisimulia kuliko makombe. Kule mechi haiishi kwa filimbi. Wenyeji huwaandalia wageni chai na mikate, na mwenyeji hagusi kitu mpaka mgeni ameshika kikombe. Ulikuwa mwanafunzi uliyekaa majuma mengi bila mtu kukuita jina. Siku ya kwanza golini ulifungwa mabao saba, kisha aliyekufunga mengi kuliko wenzake akakumiminia chai na kukuuliza kwenu ni wapi. Ulisema ndiyo siku uliyofika Ireland, ingawa ulikuwa umefika zamani.

Ulipoanguka kazini mwezi wa nane na kufariki, watu wa kanisani walijaa hapa mpaka kwenye ngazi. Mama alikusindikiza hadi nyumbani Kibosho, ukazikwe. Mimi nilibaki huku Langley Park kwa Mama Furaha wa kanisani, kwa sababu makaratasi yangu bado yako uhamiaji, na wakili alisema nikitoka nchini huenda nisiruhusiwe kurudi. Siku ya mazishi Mama alipiga simu. Nilisikia kwaya, nikasikia upepo, nikasikia mtu akiuliza kama wali umetosha. Kisha ikakatika.

Kwa hiyo sikukuzika, Mjomba. Sikutupa udongo. Sikubeba hata sahani moja ya mgeni. Mama aliporudi alinisimulia kila kitu vizuri sana, lakini ilikuwa kama kusimuliwa chakula.

Ndipo nikaamua kuandaa chai siku ya mechi ya mwisho ambayo shule yetu ingecheza nyumbani. Unakumbuka ulivyoshangaa kwamba kwenye shule za hapa mchezo huu ni wa wasichana, na kwamba mechi ikiisha wageni hupanda basi la njano na kuondoka bila hata maji. "Hawa wanacheza nusu ya mchezo," ulisema. Mimi bado ni kipa wa akiba, na kocha bado ananisahau benchi. Nilipika maandazi na Mama tangu alfajiri. Mama Furaha aliazima chupa mbili kubwa za chai za kanisani, akatuonya, "Zikipotea mtanijua." Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi, kama ulivyoipenda. Shuleni sikumwambia mtu yeyote. Nilidhani meza yenyewe itajieleza.

Haikujieleza. Tulifungwa manne bila. Nilisimama nyuma ya meza na vikombe vya karatasi nikiwaita wageni kwanza, kama ulivyonifundisha, na wenzangu walipokuja kuchukua andazi nikawaambia wasubiri. Keisha, kapteni wetu, alinitazama kama nimemtukana.

"Wametufunga manne, halafu unawapikia? Yusta, wewe uko timu gani?"

Mwingine akasema labda ndiyo maana sipangwi. Wageni nao walisimama mbali na mabegi begani, wakitazama chupa kama zina dawa. Kocha wao alikuwa mpole. "Asante, mwanangu, lakini basi linasubiri." Wakaanza kuondoka.

Unajua sauti yangu ilivyo. Mwalimu wa Kiingereza huniambia nirudie kila jibu. Lakini nilisema, na sauti ikafika mpaka kule kwenye uzio. Nilisema, "Mjomba wangu amekufa. Alikuwa kipa. Sikuweza kwenda kumzika. Kwetu watu hawaondoki msibani bila kula, na kwenye klabu yake wageni hawaondoki bila chai. Naomba mle."

Nikaanza kumimina chai kwenye vikombe.

Aliyekuja kwanza hakuwa mchezaji. Alikuwa dereva wa basi, mzee mwenye kofia ya sufu. Alizima injini, akashuka, akachukua andazi, akala akiwa amesimama. "Nami nilicheza," akasema, "niliwaendesha." Wasichana wakacheka. Kisha yule mrefu aliyetufunga matatu akatua begi lake, na wengine wakamfuata. Wote walipokuwa na vikombe nikamtazama Keisha, nikasema, "Sasa ninyi."

Alichukua kikombe, akanusa. "Miaka miwili nilidhani huwezi kuongea," akaniambia. "Hebu endelea. Alikuwa kipa wa wapi?"

Nikawasimulia. Niliwaambia habari za wauzaji wa nguo, za keki na za fainali mbili ulizopoteza kabla hujazaliwa. Nilipofika kwenye kinyesi cha ng'ombe walicheka sana, na kocha wetu akatazama nyasi zetu. Maandazi yaliisha. Yule mrefu alifungia mawili kwenye leso ampelekee mdogo wake.

Kisha basi liliondoka, wenzangu wakachukuliwa na wazazi wao, nikabaki naosha chupa kwenye bomba la uwanjani. Sitakuambia kwamba sasa nina marafiki. Jumatatu Keisha alinisalimia kwenye korido, basi. Ila nilipofika nyumbani Mama aliuliza swali moja tu, lile wanalouliza wakubwa msiba ukiisha: "Watu wamekula?"

Nikamjibu, "Wamekula." Ndipo nikakulilia, Mjomba. Mama alinishika kichwa mpaka nikamaliza.

Pumzika sasa. Makaratasi yakitoka nitakuja Kibosho, nikusalimie ulipolala, na udongo wangu nitauweka hata kama majani yameshaota. Sijui itakuwa lini, kwa hiyo hilo ni ombi langu kwa Mungu. Ahadi ni hii, kwa kuwa iko mikononi mwangu: nikiwa benchi au nikiwa golini, yeyote atakayekuja kutufunga nyumbani kwetu ataondoka ameshiba.

Mpwa wako,
Yusta